Bluu ya Elfu Nane

Taa za gari la Bwana Harusi ziliwashwa saa nne asubuhi, uani mwa kituo cha polisi, jua likiwa kali kiasi kwamba mwanga wa taa haukuonekana kabisa. Inspekta akavua koti, akajifunika kichwa pamoja na taa ya kushoto, akashika karatasi nyeupe mbele yake na kuchungulia. Bluu inayoelekea zambarau. Akahamia taa ya kulia, akajifunika tena. Bluu ile ile, inayoelekea zambarau ile ile. Aliandika hivyo kwenye daftari, akainuka huku magoti yakimlalamikia, na hakuna hata mmoja pale uani aliyemuuliza ameona nini.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku hizo. Kituoni walimheshimu, lakini heshima nayo ina baridi yake. Tangu mkewe afariki, wenzake waliacha kumwita wale pamoja mchana, wakidhani anataka kuachwa peke yake. Naye akaacha kujipendekeza mezani kwao, akidhani wamemchoka. Pande zote mbili zilikosea, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika.

"Umeona bluu?" Mkuu wa kituo alimpigia kelele kutoka dirishani.

"Nimeona, mkuu."

"Shahidi kasema bluu. Taa ni bluu. Bampa lina bonde. Mwenye gari mwenyewe anakubali alipita barabara ile Alhamisi jioni. Sasa unataka nini tena, marehemu afufuke akutajie namba ya gari?"

"Nataka mpaka saa tisa."

"Saa tisa jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Uwe umemaliza, uwe hujamaliza, shauri yako."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Alhamisi, saa moja ya usiku, mvua inanyesha, mlinzi wa ghala alikuwa akienda kazini kwa miguu. Kwenye kona iliyo chini ya zile nyumba za ghorofa za zamani akagongwa na gari, akafa pale pale, gari likaondoka. Ijumaa asubuhi mama mmoja mshonaji, anayekaa ghorofa ya pili juu ya kona hiyo, alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe, akaandika maelezo kwa mkono wake. Ijumaa mchana akakamatwa Bwana Harusi. Ijumaa jioni ghala likawa na mlinzi mwingine. Leo Jumatatu, maiti ya yule wa kwanza ilikuwa bado chumba cha maiti, hakuna ndugu aliyejitokeza, na fomu ya hospitali ilikuwa na sahihi ya Inspekta mahali palipoandikwa "jamaa wa karibu". Mtu mzima anaishi miaka hamsini na zaidi duniani, halafu jamaa yake wa karibu anakuwa polisi asiyemjua. Inasikitisha, tuseme ukweli.

Inspekta alikwenda kwanza mahabusu.

Bwana Harusi alikuwa hajaoa. Jina alilipata kwa kazi: ndiye aliyebeba maharusi mjini pale, gari jeupe lililopambwa maua, taa za bluu zikiwaka mchana kweupe ili picha zipendeze. Alikuwa amekaa sakafuni na shati lake la kazi, lililokuwa jeupe siku ya Ijumaa.

"Bonde la bampa?"

"Nguzo ya geti la ukumbi, afande. Mwezi wa pili. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Picha zipo."

"Balbu umebadilisha lini?"

"Sijabadilisha tangu nifungiwe na Kelvini. Miezi minane sasa."

"Nani amekuja kukuona?"

Bwana Harusi akakuna shingo. "Afande, mimi kazi yangu ni kuwafikisha watu harusini. Wakishafika, kila mtu anakula hamsini zake."

"Huna ndugu?"

"Nina gari. Ndilo kazi, na usiniulize sana, ndilo nyumba pia. Mkinipeleka mahakamani kwa kuua mtu, leseni kwisha. Leseni ikiisha, mimi nimekwisha. Sina mbele wala nyuma." Aliyasema hayo bila kulia, na Inspekta akatamani angalau angelia, maana mtu anayelia bado anategemea kusikiwa.

Ndani ya mfuko wa kielelezo, Inspekta alikuwa na kitu kimoja tu cha maana kilichookotwa pale kwenye kona: kipande cha kitako cha balbu, plastiki ngumu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Juu yake kulikuwa na maandishi yaliyokatika. Sufuri mbili na herufi K, na kabla yake nusu ya tarakimu nyingine, nusu ya kulia, ya kushoto imevunjika. Mkuu alipokiona alisema, "Sufuri, sufuri, K. Elfu nane hiyo, ile ya bluu. Fungeni kazi." Nacho kikafungwa kwenye mfuko, kikaandikiwa elfu nane.

Saa sita kamili Inspekta alisimama mlangoni kwa Kelvini.

Huyo alikuwa fundi wa taa za magari, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Kelvini halikuwa jina lake. Wateja walimwita hivyo kwa sababu ya kile kipimo cha rangi ya mwanga kilichoandikwa kwenye kila boksi dukani mwake, na yeye alishachoka kuwaeleza kwamba mamake alimpa jina jingine.

"Nifundishe rangi," Inspekta alimwambia.

"Unataka kufunga au unataka kufunga mtu?"

"La pili."

"Basi karibu. La kwanza ndilo lenye maneno mengi."

Nyuma ya karakana Kelvini alikuwa amejenga chumba kidogo, madirisha yamezibwa kwa turubai nyeusi. Upande mmoja palikuwa na ukuta mweupe. Mbele ya ukuta, sakafuni, alikuwa ameweka bamba la lami halisi alilolibeba barabara ilipokuwa ikichimbwa, kubwa kama mlango. Na kwenye meza palikuwa na taa tatu za majaribio, na jagi la maji.

"Watu wengi," alisema Kelvini akifunga mlango, "wanadhani namba ikiwa kubwa, taa ina nguvu zaidi. Mtu anaingia hapa kifua mbele, nipe yenye namba kubwa kuliko ya jirani yangu. Namba haisemi nguvu! Inasema rangi. Umeona chuma kwa mhunzi? Kinaanza chekundu, kinakwenda manjano, kinakwenda nyeupe, kingeendelea kupata moto kingeelekea bluu. Ndiyo hesabu yenyewe. Namba ndogo manjano, namba kubwa bluu. Tazama."

Akawasha ya kwanza. Ukutani pakaja mwanga mweupe wenye umanjano kwa mbali. "Elfu nne na mia tatu. Hakuna anayeitaka, wanasema ya kizee." Akazima, akawasha ya pili, nyeupe kavu. "Elfu sita. Hii ndiyo wananunua wengi." Akawasha ya tatu, na chumba kizima kikawa cha bluu, nyuso zao pia. "Elfu nane."

"Inapendeza," Inspekta alikiri.

"Ukutani kila kitu kinapendeza. Sasa ngoja."

Kelvini alichukua jagi akamwaga maji juu ya lami. Mwanga wa bluu ukatoweka, kama umemezwa. Bamba likawa jeusi tii, hata kijiwe kilichokuwa katikati hakikuonekana tena. Akawasha ile ya elfu nne na mia tatu: kijiwe kikarudi, na ufa wa lami, na hata kipisi cha sigara kilichoangukia pale siku nyingine.

"Kila mteja namwagia maji. Sitaki lawama. Bwana Harusi nilimwagia majagi matatu. Akasema, fundi, harusi hazifungwi kwenye mvua." Kelvini akatikisa kichwa. "Ni mjinga, lakini akinyeshewa anaegesha. Nyumba nzima ya huyo mtu iko ndani ya gari, hawezi kuiendesha gizani kama kipofu."

"Mkuu wangu anasema baada ya ajali alibadilisha balbu iliyovunjika."

"Umeziwasha zote mbili?"

"Zote zinaelekea zambarau. Sawasawa."

"Basi hakubadilisha. Balbu hizi zikizeeka rangi yake inapanda, bluu inakwenda zambarau. Angeweka mpya moja, ungeona jicho moja la kijana na jingine la mzee. Mimi ndiyo maana siuzi moja moja. Jozi au nenda kwingine."

Inspekta akatoa mfuko wa kielelezo. Kelvini akavua miwani, akakileta kipande karibu na jicho kabisa.

"Sufuri mbili na K," alisema Inspekta. "Elfu nane?"

"Sufuri mbili na K ziko kwenye kila balbu hapa duniani, afande. Ni sawa na kusema mwizi ana masikio mawili." Akakigeuza kidogo. "Ila hii nusu hapa. Hii tarakimu ya tatu kutoka mwisho. Ingekuwa elfu nane, hapa pangekuwa na sufuri. Elfu sita, sufuri. Sufuri mgongo wake ni yai, mviringo safi. Huu mgongo una bonde katikati. Weka kidole."

Inspekta hakuweka kidole, alitoa lenzi yake. Bonde lilikuwepo, dogo, wazi.

"Tatu," alisema.

"Tatu. Na balbu yenye tatu hapo ninayoiuza ni moja tu. Ile ya kizee."

Siku tatu kipande hiki kilikuwa mezani kituoni, na watu watano walikitazama, Inspekta akiwa mmojawapo. Alijisikia vibaya na hakujificha. "Siku tatu," alisema kwa sauti. Kelvini alijitia hamnazo, akawa anafuta maji sakafuni.

"Kuna kitu kingine," alisema Inspekta, akifungua jalada. "Shahidi wetu kaandika hivi. 'Gari lilikuwa na taa za bluu, zile za elfu nane.' Wateja wako huzungumza hivyo?"

"Mteja? Wapi! Mteja anasema nipe ya bluu, nipe nyeupe, nipe ile inayochoma macho. Namba anaijua aliyewahi kusimama hapa nikamwagia maji. Shahidi wako dereva?"

"Mshonaji. Mama wa miaka sabini. Hana hata baiskeli."

Kelvini aliacha kufuta. Halafu akainuka, akaenda kwenye rafu iliyojaa maboksi matupu mpaka darini. Hiyo ilikuwa kawaida yake nyingine: boksi la kila balbu aliyofunga alilitunza miaka miwili, limeandikwa namba ya gari na kutiwa sahihi na yule aliyechagua rangi. Si mwenye gari, aliyechagua. Aliwahi kugombana na mume na mke kwa wiki mbili juu ya nani alitaka bluu, akaapa hatarudia.

Maboksi ya elfu nne na mia tatu yalikuwa saba. Manne ya madereva wa malori, moja la gari la wagonjwa, moja la padri. La saba lilitiwa sahihi kwa mkono unaotetemeka kidogo, M yake ina mguu mrefu unaoshuka mstari wa chini. *Mama Cherehani.* Inspekta akaliweka kando ya maelezo ya shahidi. M ile ile, mguu ule ule.

"Yule bibi," alisema Kelvini polepole. "Namkumbuka sana. Alikuja na mwanawe, mtu wa makamo, simu haitoki mkononi. Akamwambia, mama, nichagulie wewe, mimi nina haraka. Bibi akasimama hapa nusu saa kama anayechagua kitambaa. Elfu nane akasema ni taa ya chumba cha maiti. Nilipomwaga maji akashika hii, akasema, mwanangu anasafiri masika yote, mpe hii. Na pia, akasema, nitaitambua nikiwa dirishani, maana wenzake wote wana za bluu." Akakohoa. "Alifurahi, afande. Alivaa nguo ya kutokea, kuja kununua balbu."

Ngazi za kwenda kwa Mama Cherehani zilikuwa thelathini na moja. Inspekta alizihesabu kwa sababu hakutaka kufika. Saa yake ilionyesha saa nane kasoro robo.

Chumba kilikuwa kimoja, safi, cherehani kando ya dirisha, na chini ya dirisha ile kona. Mama Cherehani alimkaribisha kiti, yeye akarudi kwenye stuli yake ya kazi. Kabla Inspekta hajafungua kinywa, mama alikuwa ameshaliona koti.

"Nani amekushonea kifungo hicho?"

"Mwenyewe, mama."

"Naona. Koti ni kijivu cha jivu la mkaa. Uzi umeweka kijivu cha pua ya punda. Mkeo kakuacha utoke hivyo?"

"Mke wangu alifariki."

"Pole, mwanangu. Vua."

Akavua. Mama alifungua kopo la nyuzi, akatoa tatu ambazo kwa Inspekta zilikuwa rangi moja, akazitupa mbili akibwatuka kwamba hii ina wekundu ndani, hii imefifia, akabaki na moja. Alishona haraka, bila kutazama sindano. Ilikuwa miaka miwili tangu mtu yeyote amshonee Inspekta chochote, na kwa dakika moja hakutaka kuuliza swali lolote. Lakini Bwana Harusi alikuwa sakafuni na saa ilikuwa inakwenda. Akapiga moyo konde.

"Mama, lile gari la Alhamisi. Taa zilikuwa rangi gani?"

"Nimeandika. Bluu."

"Bluu ipi?"

"Bluu tu."

"Bluu ya nili? Samawati? Bluu ya sare za shule?"

Sindano ikasimama. "Bluu tu, baba. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Kijivu unakijua mpaka cha pua ya punda. Bluu iwe bluu tu?"

Inspekta akalitoa boksi mfukoni, akaliweka juu ya meza ya cherehani, sahihi ikielekea kwake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na ya mama huyu ilikuwa na urefu wa meza ile. Alilitazama boksi kwa muda, kisha akamalizia kifungo, akakata uzi kwa meno, akamrudishia koti lake.

"Nilidhani mtatafuta gari ambalo halipo," alisema. "Mtatafuta, mtachoka, mtaacha. Dirisha langu ndilo linaloangalia kona. Mngekuja tu kuniuliza, nikaona bora nitangulie. Nikachagua rangi iliyo mbali kabisa na yake."

"Taa za bluu ziko nyingi mjini, mama. Tulimpata mwenye nazo."

"Mlimpata nani?"

"Dereva wa maharusi. Yuko ndani tangu Ijumaa. Saa tisa jalada lake linakwenda kwa mwendesha mashtaka."

Mama Cherehani aliweka mkono kifuani. Ilionekana wazi kwamba hakulijua hilo; katika siku zote nne hakuwahi kufikiri kwamba chini ya rangi aliyoitaja kungekuwa na mtu.

"Ana mama?"

"Sijui. Hakuna aliyemletea hata shati."

Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti ndogo, bila kujifuta. Inspekta alisubiri. Kitambaa cha mfukoni alikuwa nacho lakini hakikuwa kisafi, na aliona aibu kukitoa mbele ya mtu kama huyu.

"Alikuwa hajaja miezi kumi na minne," mama alisema mwishowe. "Mwanangu. Tangu siku ya zile taa. Alhamisi akaja. Akakaa dakika ishirini, simu inaita, akasema mama lazima nitoke. Nikasimama dirishani nimwone akiondoka. Alikuwa anaongea na simu, namwona. Yule mlinzi alikuwa na mwavuli. Taa zilimwonyesha vizuri tu, baba. Taa hazikuwa na kosa, nilizichagua vizuri. Ni yeye ambaye hakuwa anatazama."

"Alisimama?"

"Alishuka. Akamtazama. Halafu akainua uso, akaniona mimi hapa. Tukatazamana. Kisha akaingia kwenye gari."

"Na baadaye?"

Mama alinyoosha mikono juu ya mapaja yake, akaitazama. "Baadaye akaanza kunipigia simu. Kila siku. Mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana, jioni. Anauliza nimelalaje. Anauliza nimekula nini. Nikimwambia nimekula wali, anauliza na nini. Hatujataja ile kona hata mara moja. Miezi kumi na minne nilikuwa naitazama simu kama chombo kibovu, Inspekta, na sasa inaita mara tatu kwa siku. Mungu anisamehe. Mtu kafa pale chini, nami wiki hii nimelala usingizi mzuri kuliko mwaka mzima."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Inspekta hakuwa na mtoto. Hata hivyo alielewa zaidi ya alivyotaka kuelewa. Akatoa simu yake, akampigia Mkuu, akamweleza kwa ufupi: kipande ni cha elfu nne na mia tatu, balbu za Bwana Harusi ni kuukuu zote mbili, shahidi anabadilisha maelezo, namba ya gari ninayo. Mkuu akaguna. Akauliza una uhakika. Akauliza tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge, kwamba jalada halitatoka na Bwana Harusi ataachiwa.

"Sasa mtakwenda kumkamata," alisema mama.

"Namba ya gari ninayo, mama. Leo au kesho atapatikana. Atasimamishwa barabarani na watu wasiomjua."

Alijua anachokifanya, na hakujipenda kwa kukifanya. Mama naye alijua. Wakakaa hivyo mpaka saa nane kamili, simu ya mama ilipoita juu ya kabati.

Aliiacha iite mara nne. Kisha akaipokea.

"Naam, baba… Nimelala vizuri… Bado sijala." Alikuwa amelipa dirisha mgongo. "La, siumwi. Sikiliza. Njoo nyumbani… Leo. Sasa hivi… Ndiyo, mwanangu. Ndiyo, hilo." Akasikiliza kwa muda mrefu, sauti ya kiume ikisikika kwa mbali, haraka, kisha polepole, kisha haikusikika tena. "Najua. Nami pia naogopa. Njoo tu."

Akaiweka simu chini kwa uangalifu.

"Ametoka," alisema. "Dakika arobaini, kama hakuna foleni. Amesema, mama, nakuja sasa hivi. Hajawahi kuniambia nakuja sasa hivi, tangu awe mtu mzima."

Alifuta uso kwa pindo la kanga, akaanza kupita chumbani akiokota vipande vya vitambaa, akafagia nyuzi chini ya cherehani, akaisukuma stuli karibu na meza, akaifuta vumbi. Halafu akasimama katikati, akatazama ile stuli, na kiti alichokalia Inspekta, kana kwamba ndiyo kwanza anavihesabu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nina viti viwili tu."

Inspekta akainuka, akavaa koti lake, akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi.